Chumba Kilichongoja Jumamosi

Mtoto wangu alikufa Jumatano saa saba mchana, hatua sita kutoka kwenye mashine ya oksijeni. Hatua hizo nilikuja kuzipima baadaye kwa miguu yangu hii, kutoka kitanda cha chumba cha sindano mpaka mlango wa wodi mpya ya kujifungulia. Mashine ilikuwa ndani, imesimama kando ya kitanda kipya, imevishwa nailoni. Stima ya kuiwasha ilikuwepo. Mlangoni kulikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli utepe mwekundu uliofungwa fundo kubwa kama la msichana wa nasari. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara moja, sauti ndogo, halafu akabaki kuvuta pumzi kwa kukwama, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka zambarau. Sista Bilha, muuguzi wa pale, alimfunga kwa leso yangu ya kujifunga, akamsugua mgongo, akampulizia kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamwambia, "Sista, mashine." Akasema, "Nyamaza, Rispa." Nikamwambia tena na tena. Nilitazama saa ya ukutani kwa dakika ishirini, kisha nikaona mkono wake umeacha kusugua. Utepe ulikatwa Jumamosi, kwa makasi mapya yaliyoletwa juu ya kamto ka satini.

Haya nimeyaweka mbele kwa sababu mwezi uliopita nilinyimwa nafasi ya kuyasema. Kulikuwa na ibada ya kumkumbuka Daktari Elkana Mudibo kwenye ukumbi wa mtaa, hapa Mbotela, Nairobi. Kama humjui, Daktari Elkana alizaliwa katika nyumba hizi hizi za kansu, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja, choo cha pamoja. Akasoma, akaenda Uingereza, akatibu Wazungu miaka thelathini, na hakutusahau. Alituletea vitanda, dawa, viti vya magurudumu, karo za watoto, na ile wodi. Alipokufa huko, wanawe wakaja tufanye ibada. Walisimama watu kumi na zaidi. Mmoja akasema watoto wote wa Mbotela ni watoto wa Daktari. Mwingine akasema hakuna mgonjwa aliyewahi kurudishwa mlangoni pake. Halafu wakazima taa wakatuonyesha video ya siku ya kufungua wodi, na mimi nimo humo, nyuma, na kitenge cha kijani, nimekumbatia beseni la vikombe kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yananivuja. Taa zilipowaka nikanyoosha mkono. Nikapewa maiki. Nikasema, "Mimi naitwa Rispa, nilikuwa mtu wa usafi pale dispensari, na mimi mtoto wangu alirudishwa mlangoni." Mzee Gathogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya dispensari wakati ule na ni mwenyekiti hata leo, akatembea polepole na fimbo yake mpaka nilipo, akaitoa ile maiki mkononi mwangu kwa upole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akasema, "Asante mama, muda umetuishia." Sista Bilha alikuwa safu ya mbele. Aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Basi naandika. Shule niliishia darasa la sita, kwa hivyo atakayeona kosa la maandishi na alirekebishe, lakini mambo yenyewe asiyaguse.

Mwaka ule mtoto alipokufa, niliingia dispensari mwezi wa kwanza kufanya usafi. Dispensari ilikuwa ya kanisa, vyumba vinne vya mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, na nyuma jikoni ambapo Mama Sofi alipikia wafanyakazi githeri, mahindi na maharagwe. Kazi niliipenda, sidanganyi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi mahali ambapo watu wananiita kwa jina. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na mandazi, tumekaa juu ya makreti, na Mama Sofi anatuhadithia habari za mtaa mzima: nani amehamia Makadara bila kuaga, nani mume wake amepatikana mtaa wa Huruma na nyumba ya pili. Upande wa pili wa ukuta wa jikoni ndipo kamati ilipokutana, na ukuta ulikuwa wa mbao. Tulisikia kila kitu. Mama Sofi alikuwa akiinua mwiko tu, na sisi sote tunanyamaza. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Daktari amejenga wodi kwa pesa za marafiki zake wa majuu, huko ng'ambo, kwamba kontena ya vifaa iko njiani, na kwamba Mzee Gathogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye atashika funguo.

Kontena ilifika mwezi wa sita na Daktari akaja nayo. Nisiseme alikuwa mtu mbaya. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningepumzika. Alivua koti akabeba maboksi pamoja na vijana, jasho linamtiririka, na saa saba akakataa soda na kuku waliomwandalia ofisini, akaingia jikoni akaketi kwenye kreti akala githeri yetu kwa kijiko cha bati. Mama Sofi akamuuliza, "Daktari, huko majuu kuna githeri kweli?" Akasema, "Mama, huko ni viazi. Asubuhi viazi, jioni viazi. Mtu ukifa wanakuzika karibu na viazi." Tulicheka mpaka Mama Sofi akashika ukuta. Baada ya kula alituita sote wodini, akaichomeka ile mashine kwenye stima, ikaanza kunguruma. Nikajificha nyuma na ndoo yangu. Akaniona. "Wewe wa usafi, njoo karibu, wewe ndiye uko hapa kila siku." Akanionyesha kitufe cha kuwasha, na kile cha kuzungusha cha kupimia hewa, na mpira mdogo kabisa wa pua ya mtoto mchanga, mwembamba kama mrija wa soda. Akatazama tumbo langu akauliza, "Miezi mingapi?" Nikasema minne. "Haya basi. Wewe ndiye utazaa wa kwanza kwa wodi yangu. Sista, andika hiyo." Watu wakapiga makofi. Nilienda nyumbani nikamwambia mume wangu Musa, naye alikuwa ametoka kibarua viwandani hajaoga, akakaa tu kwenye kitanda anatabasamu, anarudia, "Wa kwanza." Lakini kabla ya kuondoka kuna jingine Daktari alilifanya, na nililiona kwa macho yangu. Aliirudisha nailoni juu ya mashine, akaifunga vizuri, akamwambia Mzee Gathogo, "Hii ibaki hivi mpaka siku ya kufungua. Waliochanga kule wanataka picha ikivuliwa."

Mtu wa mbali hataelewa jambo hili, kwa hivyo nieleze. Kwetu kitu cha kupewa hakiguswi kabla ya kufunguliwa. Lazima hema, viti, maombi, mgeni wa heshima, utepe, jina kwenye jiwe. Madarasa nimeyaona yamekamilika na watoto wanasoma nje chini ya jua, wanangoja mtu mkubwa aje akate utepe. Bomba la maji nimeliona limefungwa waya. Hatukuona ajabu. Ukitumia kabla ya siku, unaonekana umemkosea heshima aliyetoa. Kwa hivyo wodi ilipofungwa hakuna aliyeshangaa, hata mimi. Sista Bilha peke yake ndiye niliyemsikia akibishana, kupitia ukuta wa mbao.

"Mwenyekiti, turuhusu tuingie. Kile chumba cha zamani ni kama kabati, na hakuna hata oksijeni."

"Sista, umeona wapi nyumba inaingiwa kabla mwenyewe afungue?"

"Ni wagonjwa, si wageni."

"Wamezalia huko miaka yote. Wiki mbili ndio itawamaliza?"

Wanaume wa kamati wakacheka. Mama Sofi akateremsha mwiko akasema kwa sauti ya chini, "Huyo hajawahi kuzaa hata kinyesi kigumu." Nasi tukacheka pia, upande wetu.

Wiki mbili zikawa miezi mitano. Kwanza mheshimiwa aliyetakiwa kukata utepe alikuwa safarini. Halafu Daktari akanyimwa likizo huko. Halafu mheshimiwa akafiwa. Kila siku mbili nilipewa ufunguo nikaingia nikapiga deki sakafu ambayo haijakanyagwa na mtu, nikapangusa vumbi kwenye vitanda ambavyo havijalaliwa. Tumbo likakua nikawa napiga deki nimekaa. Nilikuwa nazungumza na mtoto humo ndani, namwonyesha: hapa ndipo utalala, dirisha ni hilo. Na ilipobaki kama mwezi, kamati ikanunua viti vya plastiki vya wageni, ikakosa pa kuviweka, ikaamua kitanda cha chumba cha zamani cha kuzalia kitolewe, viti viingie. Viti vikapangwa mpaka darini. Wanawake wakawa wanazalia chumba cha sindano, juu ya kitanda chembamba cha kupimia.

Sasa nifike pale pangu. Mwezi wa tisa aliletwa Mama Kevo, jirani yetu, pumu imembana, macho yamemtoka. Sista Bilha hakumuuliza mtu. Alichukua ufunguo wa pili, aliokuwa anauweka droo ya juu ya meza yake chini ya bendeji, akafungua wodi, akairarua ile nailoni kwa mikono, akawasha. Nusu saa baadaye Mama Kevo alikuwa anaomba chai. Yuko hai mpaka leo, anauza sukuma wiki pale kona, mwulize. Kesho yake Mzee Gathogo akaona nailoni imepasuka. Akatupanga mstari uani, wafanyakazi wote, akauliza nani. Akaanza na mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naingia na ndoo. "Rispa, ni wewe umeharibu kitu ya Daktari?" Niliogopa kazi. Nikasema, "Si mimi, Mzee. Ni Sista." Sikusema Mama Kevo alikuwa anakufa. Nilisema tu ni Sista, basi. Akamgeukia mbele yetu, mama mtu mzima, na yunifomu yake nyeupe, akamwambia, "Ukirudia utaenda kutafuta kazi Huruma, uuze nyanya." Akampa na barua ya onyo. Nailoni ikabandikwa selotepu. Tangu siku ile Sista hakunitazama vizuri, na tangu siku ile hakubishana tena na mtu. Hilo nimelibeba miaka yote hii na naliandika hapa ili asije mtu akasema Rispa ameficha lake. Mimi nilisema ukweli nusu kwa kuokoa kibarua. Nimejitaja. Na wengine wajitaje.

Daktari alifika Nairobi Jumatatu ya wiki ya kufungua, akaenda hoteli mjini kupumzika safari. Jumatano asubuhi niliamka na maumivu ya kiuno, nikayadharau, nikaenda kazini kwa sababu palikuwa na usafi wa mwisho. Saa mbili nilipiga deki wodini, nikafunga, nikarudisha ufunguo kwenye droo ya Sista, naye akaitia droo kufuli. Mzee Gathogo akaja na utepe, anataka aone utakavyokaa. Akaniambia nimshikie ncha moja. Nikaishika, akafunga. Akarudi nyuma akautazama, akasema, "Sasa imekuwa kama ya watu." Kisha akaenda kortini Makadara, alikuwa na kesi ya ploti.

Saa tano maji yakapasuka nikiwa jikoni. Mama Sofi akanishika kwapa mpaka chumba cha sindano. Nilimwambia Sista, "Tuingie ile nyingine, Daktari alisema mimi ndio wa kwanza." Akasema, "Jumamosi, Rispa. Leo tubaki hapa." Sikumlaumu, maana nilijua nani alimtia woga. Mtoto alikuja upesi, lakini alikuja vibaya, kamba imemzunguka shingo. Sista alimtoa vizuri, kazi yake aliijua. Ni pumzi iliyokataa. Alipoona inakataa, alimpa Mama Sofi mtoto amshike, akakimbia kwenye simu ya ofisini, na mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimelala pale nasikia kila neno lake. Kwanza alipiga dukani kwa Mzee Gathogo. Wakamwambia mzee yuko kortini. Akapiga hotelini. Alingoja. Kisha nikasikia:

"Daktari, ni Bilha wa dispensari. Samahani kwa kukusumbua. Nina mtoto hapa hapumui vizuri, ametoka sasa hivi, nataka kufungua wodi nitumie mashine."

Akasikiliza.

"Hapana, mwenyekiti hajaniruhusu, hayuko."

Akasikiliza muda mrefu zaidi. Mtoto mikononi mwa Mama Sofi akavuta pumzi moja, akapumzika, akavuta nyingine.

"Ndiyo, Daktari. Ndiyo, naelewa. Sawa."

Akaweka simu chini. Akarudi. Akapita mbele ya droo yake bila kuifungua. Akamchukua mtoto kwa Mama Sofi akaanza tena kumsugua na kumpulizia, machozi yanamdondokea yule mtoto usoni. Mama Sofi akamwuliza, "Amesema nini?" Sista akazidi kumpulizia. Mama Sofi akaenda mwenyewe akaupiga ule mlango kwa bega, na utepe wake, mara tatu, mama wa miaka hamsini. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu. Daktari alitoa vitu vizuri.

Watu husema labda angekufa hata hivyo. Najua. Nimeambiwa na wauguzi, nimeambiwa na wachungaji. Labda. Basi angekufa na ule mpira mwembamba puani, na mimi ningekuwa na huzuni ya kawaida kama ya wanawake wengine. Tulikuwa tumempangia jina la Nafula kwa sababu ya mvua za mwezi ule. Musa alipokuja kumchukua, aliomba karatasi ya kifo, akapewa, akaisoma mara mbili uani. Ilikuwa imeandikwa alizaliwa amekufa. Musa akarudi ndani akasema, "Sista, mke wangu anasema mtoto alilia." Sista Bilha akasema, "Nenda nyumbani, baba. Mpeleke mama apumzike." Na kwa sababu ya maneno yale kwenye karatasi, hakuna aliyewahi kuuliza chochote. Aliyezaliwa amekufa hahitaji mashine.

Jumamosi nilienda. Mama Sofi alinikataza lakini nilienda, nilitaka kuona mlango ukifunguliwa. Wakanipa beseni la vikombe nisionekane sina kazi. Mheshimiwa akakata utepe, Daktari akaivua nailoni yenye selotepu, kamera zikalia. Akapita akisalimia watu, akafika kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono wa joto, mkono wa mtu mwema. Akasema, "Pole sana, mama. Mungu atakupa mwingine." Hakunipa. Lakini si hilo lililonikaa. Lililonikaa ni kwamba sikuwa nimemwambia kitu, na alijua.

Musa alishafariki, na Mama Sofi pia, kwa hivyo tunaojua habari za simu ile tumebaki wawili. Wiki iliyopita nilipanda ngazi za fleti ya Sista Bilha kule Huruma, ghorofa ya nne, nikipumzika kila ghorofa. Alinifungulia mlango wa mbao, wa chuma akauacha umefungwa. Tukaongea tukitazamana kwenye vyuma. Amezeeka.

"Rispa, mtu amelala. Mwache alale."

"Sijaja kumwamsha, Sista. Nimekuja kuuliza alisema nini."

"Ni zamani."

"Uliandika alizaliwa amekufa. Nani alikwambia uandike?"

"Daktari amesaidia watu wengi. Hata wewe mtoto wa dada yako alisomeshwa na pesa yake."

Kweli, alisomeshwa. Sikukana. Nikamwambia, "Sista, mimi ndiye niliyekutaja siku ya nailoni. Nilikosa. Naomba msamaha." Nilimwona amefumba macho. Akafunga na ule mlango wa mbao.

Sasa nasikia mwezi ujao wodi itapewa jina la Daktari, na Mzee Gathogo anatafuta fundi wa kuchora herufi, na wanawe watapanda ndege kuja. Jina wampe. Sizuii. Lakini wakati hema linasimamishwa nitakuwa pale, na swali langu ni hili, na nauliza pande tatu. Wewe Mzee Gathogo, uliyefunga wodi nzima miezi mitano kwa ajili ya picha, simama useme kwamba ulifunga. Ninyi watoto wa Daktari, mna barua zake na mna kalamu yake, tafuteni kama aliandika popote juu ya Jumatano ile. Na wewe Sista Bilha, ulimpigia mtu aliyekuwa na ruhusa yote mdomoni mwake, ukamwambia mtoto hapumui, naye akasema maneno ambayo ulijibu "sawa." Yalikuwa maneno gani? Yaseme kama yalivyokuwa. Sema pia mtoto wangu alizaliwa hai.